Mulekera: Kukosa usingizi nyuma ya kukimbia vita si wazimu

Katika komine ya Mulekera, mjini Beni, si rahisi kumtambua mhami wa vita barabarani. Wengi hawaishi kambini. Wanaishi ndani ya parsela za ndugu, za marafiki ao za watu wa kanisa moja, familia mbili ao tatu chini ya bati moja. Wenyeji wanaona njaa na nguo zilizochakaa. Lakini usiku ndipo wanasikia jambo lingine: mtu anapiga kelele usingizini, ama anakaa macho mpaka asubuhi akisikiliza mlango.

Mara moja watu wanasema: «Huyu amelogwa», ao «anaanza kuwa kichaa». Mara nyingi si moja wala lingine.

Mauaji ya raia katika teritwari ya Beni yalianza Oktoba 2014, na kundi la ADF lenye asili ya Uganda ndilo linalotajwa zaidi. Tangu wakati huo, kuna familia zilizohama mara mbili, mara tatu. Katikati ya 2024, vita vya M23 vilipofika Kanyabayonga, watu wengine wa teritwari ya Lubero walikimbilia upande wa Butembo na Beni. Katikati ya mambo hayo, kati ya 2018 na 2020, Ebola ilipitia Mangina, Beni na Butembo, na familia nyingi zikakatazwa kuzika wafu wao kama desturi inavyotaka. Mzigo umewekwa juu ya mzigo.

Akili inafanya nini?

Mtu akiona kifo karibu, mwili unawasha kengele ya hatari: moyo unaenda mbio, masikio yanafunguka, usingizi unakimbia. Hiyo ndiyo inasaidia kutoroka. Shida ni kwamba hatari ikipita, kengele inaweza kuendelea kulia. Sauti ya pikipiki ao ya sufuria inayoanguka inatosha kumrudisha mtu kule alikotoka. Wengine wanakuwa na hasira ya haraka, wanaumwa kichwa na tumbo bila munganga kuona ugonjwa, ao wanajilaumu juu ya kubaki hai. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, ao hataki kuachana na mama yake hata dakika moja.

Katika majuma ya kwanza, hayo yote ni ya kawaida, na kwa watu wengi yanapungua polepole. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilionyesha kwamba penye vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, na 1 kati ya 11 ana tatizo la kadiri ao kali. Maana yake, wengi hawagonjwi, lakini wanaogonjwa si wachache.

Woga wenye sababu

Hapa Beni kuna ugumu mwingine. Vitabu vingi vinazungumzia mtu aliyetoka vitani. Lakini papa anayeogopa kurudi kwenye shamba lake la kakao si mgonjwa: anajua ni nani aliuawa pale. Kumwambia «acha woga» ni kumdanganya. Lakini akiogopa hata kutoka ndani ya nyumba mchana, hali wengine wanaenda sokoni bila shida, akiacha kula na kuongea, hapo woga haumlindi tena. Unamfunga. Tofauti hiyo ndiyo familia inapaswa kuangalia.

Jirani anaweza kufanya nini?

Mwongozo ambao OMS na washirika wake walitoa 2011 unasema mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Kuangalia ni kujua kama mtu ana usalama, chakula na mahali pa kulala, sababu akili haitulii tumbo likiwa tupu. Kusikiliza ni kukaa naye bila kumlazimisha aseme aliyoyaona. Akinyamaza, aachwe anyamaze; akilia, asiambiwe «mama, usilie». Kuunganisha ni kumpeleka kwa wanaoweza kumsaidia: ndugu zake waliotawanyika, kanisa ao msikiti wake, kituo cha afya.

Kazi ndogo inasaidia pia: kuteka maji, kulima kipande cha bustani, kusuka. Mtoto anasaidiwa na masomo, michezo na saa ileile ya kulala kila siku. Kasiksi na pombe kali zinaleta usingizi wa saa chache tu, kisha ndoto mbaya zinarudi na ugomvi nyumbani.

Wakati wa kwenda kwa munganga

Dalili zikipita mwezi mmoja bila kupungua, ao mtu akishindwa kazi na kutunza watoto, apelekwe kwenye kituo cha afya. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Aulizwe waziwazi, na apelekwe siku hiyohiyo. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunamfungulia mlango wa kusema.

Maombi yanatia watu wengi nguvu, na hakuna anayepaswa kuyaacha juu ya dawa. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Lakini kumfunga mgonjwa kamba ao minyororo, kumpiga ao kumnyima chakula ili «pepo itoke» kunamwongezea jeraha lingine, tena safari hii kutoka mikononi mwa watu alioamini kwamba kwao amefika salama.