Usinyamazishe vantilateri ya laptopu ya mtoto

Katika kartye zetu za Likasi laptopu haiingii nyumbani kwa urahisi. Mama mmoja anaipata siku zamu yake ya likelemba inapofika. Mwingine anauza unga na makala miezi mingi mpaka dola zinatimia. Mara nyingi ni mashini ya okazyo, iliyokwisha kutumiwa na watu wengine mbele ya kufika kwetu. Na ndani yake mtoto anaandika TFC yake, au mama wa kamati anaweka hesabu za kikundi chote. Ikikufa, hakuna wa kuturudishia makuta.

Kitu kinachoua mashini hizo polepole ni joto. Watoto wetu wanalalamika: "Mama, inapiga kelele sana kama grupu." Kisha rafiki anamletea programu ndogo ya kupunguza mwendo wa vantilateri. Kelele inaisha, watu wa nyumba wanafurahi. Lakini kelele ile ilikuwa pumzi ya mashini, na sasa mashini inafanya kazi bila kupumua.

Joto linatoka wapi

Ndani ya laptopu kuna kipande kidogo kinachoitwa prosesa. Ndicho kinachofanya hesabu zote. Sehemu yake inayofanya kazi si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini katika laptopu nyepesi inatoa joto la wati 15 hivi, na katika zile za michezo na video inafika wati 45 na zaidi. Joto hilo lote lazima litoke nje.

Linatoka kwa njia ya shaba, ile shaba ambayo sisi watu wa Likasi tunaijua tangu Shituru ilipoanza kuitengeneza. Juu ya prosesa kuna bomba jembamba la shaba lenye maji kidogo ndani. Upande wa prosesa maji yanageuka mvuke. Mvuke unakimbia upande wa pili, unapoa, unageuka maji tena na kurudi. Ni kama mvuke wa sufuria unaogeuka matone chini ya kifuniko. Kwenye upande huo wa pili kuna mabati membamba yaliyopangwa kama meno ya kitana, na vantilateri inapuliza hewa katikati yake.

Basi ukisimamisha vantilateri, shaba inaendelea kubeba joto, lakini hakuna wa kulipokea. Ni kama kuacha sufuria juu ya mbabula yenye moto mkali na kufunga madirisha yote ya jikoni.

Digrii ngapi ni salama

Usitumie mkono peke yake kupima. Plastiki ya chini inaweza kuwa vuguvugu tu wakati prosesa inaungua. Kuna programu za bure zinazosoma joto la ndani: kwa Windows kuna Core Temp na HWMonitor, kwa Linux kuna lm-sensors. Mwambie mtoto akuonyeshe namba, kisha fuata kipimo hiki:

Digrii 40 mpaka 55: mashini imefunguliwa lakini haina kazi kubwa. Ni vizuri.

Digrii 60 mpaka 85: inafanya kazi, inaonyesha video, inafungua kurasa nyingi. Ni kawaida.

Digrii 90 na zaidi, tena kwa muda mrefu: simamisha kazi, tafuta sababu.

Kila prosesa ina kikomo kilichowekwa na kiwanda. Kwa Intel nyingi za laptopu kikomo ni digrii 100, nyingine 105. Kwa AMD Ryzen ni kati ya 95 na 105, kufuatana na aina. Ikikaribia hapo, prosesa yenyewe inapunguza mwendo wake ili ipoe. Ndiyo maana mtoto anasema mashini "imechoka" kila saa nane ya mchana. Joto likizidi kupanda, mashini inajizima palepale. Inajiokoa, lakini kurasa ambazo mtoto hakuzihifadhi zinapotea.

Tena prosesa haiko peke yake. Jirani yake ni batri ya lithiamu, na batri inazeeka upesi ikikaa katika joto. Ukiona laptopu imevimba chini, au haifungiki vizuri, usiichaji tena, usiitoboe, usiiweke karibu na kitanda. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu batri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto.

Nani anaamuru vantilateri

Kwa kawaida anayeamuru si Windows. Ndani ya laptopu kuna kompyuta nyingine ndogo sana, iliyofundishwa na kiwanda: joto likifika hapa, ongeza mwendo, likishuka, punguza. Draiva, ambayo mafundi wetu wanaiita piloti, ni mkalimani kati ya Windows na vipande vya mashini. Ikikosekana au ikiwa si ya mashini hiyo, vantilateri inaweza kupiga kelele bila sababu, au kuchelewa kuamka. Kwa hiyo piloti zinachukuliwa kwenye ukurasa wa kiwanda chenyewe, Dell, HP, Lenovo au kingine, kwa kufuata jina kamili la aina lililoandikwa chini ya mashini. Usikubali piloti za kukisia kutoka kwenye kle ya rafiki.

Programu za kushika vantilateri kwa mkono zipo kweli, na wajuzi wanazitumia. Lakini angalieni namna wajuzi wenyewe wanavyoogopa. Katika Linux kuna draiva ya laptopu za ThinkPad inayoitwa thinkpad_acpi. Inaweza kupanga vantilateri kutoka daraja la 0, yaani imesimama, mpaka la 7. Hata hivyo, walioiandika waliufunga mlango huo tangu mwanzo: mwenye mashini asipoufungua mwenyewe kwa amri maalum, programu haiwezi kuigusa vantilateri. Tena waliweka mlinzi: ukimpanga, basi programu ikinyamaza kwa muda uliowekwa, ambao haupiti sekunde 120, anairudisha vantilateri kwenye kazi. Kama waandishi wa draiva hawaamini mkono wa mtu kwa dakika mbili, kwa nini sisi tumwachie mtoto anayelala usingizi huku filamu inashuka kutoka intaneti usiku kucha?

Mapango ya kiwanda yaitwayo "auto" ndiyo mazuri kwa nyumba zetu. Anayetaka kimya apunguze kazi: afunge kurasa asizozisoma, achague mpango wa Windows wa kuokoa nguvu. Hapo vantilateri itatulia yenyewe.

Jambo moja zaidi. Fundi akisema lazima abadilishe BIOS ili vantilateri itulie, muulize kwanza: batri imejaa? Chaji imechomekwa? Hapa kwetu kuran inaweza kukatika wakati wowote, na mashini ikizimika katikati ya kazi hiyo, inaweza kukataa kuwaka tena.

Vumbi letu na hewa yetu

Likasi iko juu ya mita 1200 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Matadi, basi inabeba joto pungufu kidogo. Viwanda vingi vinaandika kwamba laptopu itumike mahali ambapo hewa haipiti digrii 35. Mwezi wa kumi, mbele mvua haijazoea, chumba chenye bati bila dari kinaweza kupita hapo mchana.

Lakini adui mkubwa ni vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hainyeshi, barabara ni nyekundu, malori yanapita. Vumbi hilo linaingia kwa matundu ya chini na kujenga ukuta kama sufi mbele ya yale meno ya kitana. Vantilateri inazunguka kwa nguvu zote, lakini hewa haipiti. Hapo ndipo kelele inapotoka. Dawa yake ni kusafisha, si kunyamazisha.

Kazi ya mama

Hata mama asiyejua kompyuta anaweza kufanya haya:

Laptopu iwekwe juu ya meza au ubao, kamwe si juu ya kitanda, blanketi au mapaja. Kitambaa kinaziba matundu.

Kila mwezi izimwe, ichomolewe, matundu yapigwe na burashi laini iliyo kavu. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji. Usitumie kompresa ya garage: inapuliza kwa nguvu mno na mara nyingi inatoa maji.

Mara moja kwa mwaka fundi aifungue. Azuie mabawa ya vantilateri kwa kidole anapopuliza. Abadilishe dawa ya kijivu iliyo kati ya prosesa na shaba, ile wanayoiita pati termiki, kwa sababu inakauka. Kaa karibu uone kazi.

Kazi ya masomo ihifadhiwe kila baada ya dakika chache, na nakala iwe kwenye kle inayokaa mbali na mashini.

Kwa vikundi vyetu nina ombi. Mwezi wa nane, mbele ya watoto kurudi masomoni, tuchague siku moja ya mkutano ambapo kila mama analeta laptopu ya nyumba yake. Tumwite fundi mmoja anayeaminika, tumlipe kwa pamoja, na bei itakuwa nyepesi kwa kila mmoja. Mbele ya kusafisha, aandike namba ya digrii kwenye daftari la kikundi. Baada ya kusafisha, aandike tena. Mama akiona namba imeshuka, atajua fundi amefanya kazi, na atajua ni namba gani ya kuangalia mwaka unaokuja.