Ukitaka kupiga kafi mahali usipopajua, anza nchi kavu

Kayaki ni chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, kinachoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Asili yake ni kwa Wainuit wa nchi za barafu za kaskazini, waliokitengeneza kwa ngozi za sili ili wawindie. Siku hizi kayaki za plastiki zinaonekana hata katika fukwe za Ziwa Victoria, na vijana wanazitumia kutafuta ghuba na visiwa wasivyowahi kufika.

Msikilizaji, wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Haya ndiyo ya kuangalia kabla ya safari ya kwanza, uwe na kayaki au mtumbwi mdogo.

Uliza mwaloni kwanza

Mtu wa kwanza kumwona ni mvuvi wa eneo hilo, au viongozi wa BMU. Muulize mambo manne: viboko na mamba wanakaa wapi, miamba iliyojificha iko wapi, nyavu zimetegwa wapi, na upepo huanza saa ngapi. Muulize pia kama kuna eneo lililofungwa kwa ajili ya mazalia ya samaki. Nusu saa ya mazungumzo itakueleza mambo ambayo macho yako hayataona ukiwa ufukweni.

Kwa nini upepo hubadilika?

Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, na ile ya ziwani huja kuziba nafasi yake. Ndiyo maana alasiri upepo hutoka ziwani na mawimbi hupiga ufukweni. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa haraka, upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Pepo za pande zote hukutana huko, hewa hupanda, na mawingu ya radi hujengeka. Hivyo dhoruba nyingi za katikati ya Ziwa Victoria hutokea usiku na alfajiri.

Upepo wa kutoka nchi kavu ndio wenye hila zaidi. Ukiwa ufukweni, vilima na miti hukukinga, unaona maji yametulia kama ya kwenye beseni. Ukisogea mbele kidogo, upepo unakushika na kukusukuma ndani ya ziwa, na kurudi kunakuwa kazi ngumu. Upepo ukikupiga mgongoni huku umeelekea ziwani, ahirisha.

Kwa safari ya kwanza, subiri kupambazuke vizuri, sikiliza utabiri wa hali ya hewa, kisha uwe umerudi kabla ya saa sita mchana. Ukifuata ufukwe, anza kwa kwenda dhidi ya upepo ili ukusaidie wakati wa kurudi, mikono ikiwa imechoka. Ukishatumia theluthi moja ya nguvu zako, geuza.

Viboko, magugu na kichocho

Kiboko hula majani nchi kavu usiku na kurudi majini kunapokucha. Njia pana iliyokanyagwa kutoka majanini hadi majini ni alama yake. Usizindue chombo hapo, na usijiweke kati ya kiboko na maji ya kina. Magugu maji nayo huhamishwa na upepo: njia uliyopita asubuhi inaweza kuzibwa mchana.

Maji ya kina kifupi yenye majani ndiyo makazi ya konokono wanaoeneza kichocho. Usisimame humo muda mrefu. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, hata baada ya miezi, nenda kituo cha afya. Dawa ipo.

Chombo kikipinduka

Vaa jaketi la kujiokolea na ulifunge tangu ufukweni. Likiwa limelazwa ndani ya chombo, maji yatakapokumwaga halitakusaidia. Ukianguka, shikilia chombo. Kinaelea, na ni rahisi kuonekana kuliko kichwa cha mtu. Usikiache ukajaribu kuogelea hadi nchi kavu.

Simu iwe na chaji, ndani ya mfuko usioingiza maji, nawe uwe umeifunga mwilini. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kenya, piga 999 au 112. Lakini mtandao hupotea nyuma ya vilima na visiwa. Kwa hiyo mwambie mtu aliyebaki nchi kavu unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita hujaonekana, yeye ndiye atakayewaita wenye mitumbwi waje kukutafuta.