Wanaume Wasiopita Darasani: Tanzania na Kenya Kuelekea 2050

Akijitokeza mtu kututabiria mvua ya masika ya mwaka 2050, tutamcheka. Lakini idadi ya wanaume wa Tanzania na Kenya ambao mwaka huo watakuwa hawajawahi kukalia dawati inakadirika leo, bila ramli. Wengi wao wameshazaliwa, na umri wao wa kuanza shule umeshapita.

Makadirio ya aina hii hutolewa na Kituo cha Wittgenstein kilichoko Vienna, Austria, ambako Wolfgang Lutz na wenzake hugawa watu wa kila nchi kwa umri, jinsia na elimu. Kila kundi husogezwa mbele miaka 5 kwa wakati mmoja. Wa miaka 35 wanakuwa wa 40, waliofariki wanaondolewa, wahamiaji wanahesabiwa, na watoto wanaongezwa chini. Elimu ya mtu mzima haiguswi: aliyeukosa mlango wa darasa utotoni huhesabiwa hana shule mpaka anazikwa.

Ndiyo maana jedwali la 2050 ni historia iliyosogezwa mbele. Tanzania iliamua kwenye Azimio la Musoma la 1974 kuwapeleka watoto wote shule za msingi ifikapo 1977, ile UPE (elimu ya msingi kwa wote) wanayoikumbuka wazee. Mwaka huohuo wa 1974 Kenya ilifuta karo kwa madarasa ya chini, na Rais Moi akaendeleza hatua hiyo mwaka 1979, pamoja na maziwa ya bure shuleni, yale ya Nyayo. Kisha uchumi ukayumba, wazazi wakatakiwa kuchangia, na madaftari ya mahudhurio yakapungua majina. Kufikia mwaka 2000, takriban watoto 6 tu kati ya 10 wa umri wa shule ya msingi nchini Tanzania ndio waliokuwa darasani. Si kwamba waliobaki wote walikosa moja kwa moja. Wengi waliingia darasa la kwanza wakiwa na miaka 9 au 10. Ila wapo ambao hawakuingia kabisa.

Tanzania ilifuta ada mwaka 2001, Kenya Januari 2003. Wanafunzi wa shule za msingi Kenya wakaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Sasa piga hesabu: Mtanzania aliyekuwa na miaka 7 mwaka 2001 atakuwa na 56 mwaka 2050, na Mkenya wa miaka 6 mwaka 2003 atakuwa na 53. Katika nchi zote mbili, kutokusoma kunazidi kuwa jambo la wazee, na asilimia ya wanaume wasio na shule inashuka.

Tatizo la asilimia ni kwamba hazihesabu vichwa. Chukua nchi ya kubuni yenye wanaume milioni 10, asilimia 20 hawana shule: hao ni milioni 2. Wanaume wakifika milioni 20 na asilimia ikashuka hadi 12, wasio na shule ni milioni 2.4. Waziri atapigiwa makofi, na mzigo umeongezeka.

Hapo ndipo majirani hawa wanapoachana. Tanzania ilikuwa na watu milioni 44.9 mwaka 2012 na milioni 61.7 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kenya, yenye watu milioni 47.6 katika sensa ya 2019, ilikuwa ikiongezeka kwa asilimia 2.2. Tafiti za afya za 2022 zilionyesha wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke wa Tanzania na 3.4 kwa wa Kenya. Kwa mtazamo wangu, Tanzania ndiyo yenye kazi nzito zaidi: ili isirudi nyuma, lazima iongeze madarasa na walimu kila mwaka.

Kenya isijipongeze mapema. Wastani wake unaficha Turkana, Wajir, Garissa na Mandera, ambako mvulana anaweza kuhama na ngamia miezi kadhaa kufuata maji, au akasoma duksi, yaani madrasa, na kuhifadhi sura nyingi za Kurani, bila kuwahi kuandikishwa shule. Kulinganisha Mandera na Nyeri kungetufundisha zaidi kuliko kulinganisha Nairobi na Dodoma.

Hata kanuni ya Vienna ina upenyo. Watanzania wengi walijua kusoma kupitia kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Lakini akina Maruge ni wachache mno kubadili jedwali. Kinachoweza kulibadili ni uandikishaji wa sasa: mvulana aliyekuwa na miaka 6 mwaka 2025 na hakuandikishwa popote atakuwa na miaka 31 ifikapo 2050.