Mama, Usiziache Dawa

Juma lililopita mama mmoja mjamzito aliniambia ameacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, akihofia kuzaa mtoto njiti. Nilishtuka.

Hofu yake si ya kupuuzwa. Mwenye virusi huweza kujifungua kabla ya siku zake, hata akiwa anatumia dawa. Lakini bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa wakiwa tumboni, wakizaliwa au wakinyonya. Dawa zikitumiwa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Kwa hiyo, mwenye wasiwasi aupeleke kliniki. Daktari aweza kumbadilishia dawa. Asiamue peke yake. Mama yule nilimsihi arudi, naye amerudi.

Je, wako karibu nawe umemsihi?