Chumbe: Kwa nini mgeni hufuata njia ya kiongozi

KISIWA cha Chumbe, kusini mwa Mji wa Zanzibar, kina msitu usio na kisima wala kijito. Miti yake imeota juu ya mawe ya matumbawe ya kale na huishi kwa mvua na umande. Udongo ni haba, na mizizi hujipenyeza katika nyufa za mawe. Ndiyo maana mgeni hutakiwa kufuata njia maalumu, akiongozwa na walinzi wa hifadhi.

Usiku huonyeshwa kaa wa nazi, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu. Maji yanapokupwa, hupitishwa kwenye vidimbwi vya ufukweni. Paa nunga nao walihamishiwa humo ili kizazi chao kisitoweke.

Serikali ya Zanzibar iliyatangaza matumbawe ya upande wa magharibi wa kisiwa hicho kuwa hifadhi mwaka 1994, na uvuvi ukapigwa marufuku. Walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji jirani.

Gharama za ulinzi hutegemea zaidi malipo ya wageni. Hivyo, mgeni yule yule anayeweza kuuharibu msitu kwa kukanyaga ovyo ndiye anayeulipia ulinzi wake.