Chapa ya Dhahabu na Afya ya Anayeivaa

Mwanza na Geita ni maeneo yaliyozoea dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kiwanda cha kusafisha dhahabu jijini Mwanza kilizinduliwa Juni 2021. Hata hivyo, dhahabu inayovaliwa kidoleni au sikioni kwa kawaida si dhahabu tupu. Namba ndogo iliyogongwa ndani ya pete hueleza jambo hilo, na humfaa mhudumu wa afya kama inavyomfaa sonara.

Katika kemia, alama ya dhahabu ni Au, kifupisho cha neno la Kilatini aurum. Dhahabu safi ni laini na hupinda upesi, hivyo sonara huichanganya na metali nyingine kama fedha, shaba, zinki na wakati mwingine nikeli. Chapa huonesha kiasi cha dhahabu kilichomo. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 ni sehemu 18 kati ya 24. Chapa nyingine huhesabu sehemu katika elfu moja: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Herufi GP humaanisha kuwa kito kimepakwa dhahabu juu tu.

Sehemu iliyobaki ndiyo huleta maradhi mara nyingi. Nikeli ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa ngozi unaotokana na kugusa metali. Mwasho na vipele hutokea siku moja hadi tatu baada ya kuvaa, hasa masikioni, shingoni na chini ya pete. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi; sehemu hiyo huweza kuwa nyeusi zaidi na ngumu, ikadhaniwa ni fangasi. Dawa ya fangasi haitasaidia iwapo hereni bado imevaliwa. Mzio huu ukishajengeka hudumu kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote.

Chapa ina mipaka yake. Haitaji metali iliyochanganywa: pete ya dhahabu nyeupe yenye 750 yaweza kuwa na nikeli. Aidha, chapa yaweza kughushiwa.

Kuna dalili nyingine ambayo haimo katika chapa. Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kunasa dhahabu. Zebaki ikigusa pete ya dhahabu hushikamana nayo na kuifanya iwe nyeupe. Pete hiyo isipelekwe kuchomwa ili irudi rangi yake, kwa kuwa mvuke wa zebaki hudhuru mapafu, figo na mfumo wa fahamu, na ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Ihifadhiwe katika chombo kilichofungwa vizuri, na aliyeivaa aende kituo cha afya.

Kwa hiyo, mgonjwa mwenye vipele chini ya kito aulizwe: chapa inasemaje, kito kilinunuliwa lini, na je, nyumbani kuna anayeshika zebaki? Kuuliza hayo hakuna gharama, na jibu moja laweza kuwaokoa watu wa nyumba nzima.