Utangulizi: Flashi ya Kwanza na Elimu ya Mwanga

Huenda umeshaona kwamba picha zako za mchana zinakuridhisha huku za usiku zikikuvunja moyo: uso umetoka kama umepakwa chokaa, macho mekundu, kivuli kizito kimeganda ukutani. Kamera yako haina ubovu. Flashi iliyojengewa ndani yake ni ndogo, imekaa karibu mno na lenzi, na haijui kuangaza ila mbele. Elimu tunayoingia hapa huanza na swali moja: mwanga utoke wapi?

Katika miaka ya 1930, Harold Edgerton, mhandisi wa MIT nchini Marekani, alionyesha jinsi umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita unavyoweza kuachiliwa ghafla ndani ya mrija wa gesi na kutoa mwanga mkali wa muda mfupi mno. Kanuni hiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya flashi ya bei nafuu leo. Naye Malick Sidibé wa Bamako aliitumia flashi kupiga picha za vijana wakicheza dansi usiku katika miaka ya 1960. Mtafute na uzitazame picha zake taratibu.

Sasa tuje dukani. Kabla ya yote, shika kichwa cha flashi uone kama kinainuka na kuzunguka. Kama hakigeuki, iache, hata ikiwa rahisi kiasi gani. Mwanga ukielekezwa kwenye dari nyeupe, dari yenyewe inakuwa taa pana, na uso wa mtu unapata umbo lake. Ila dari ina tabia zake. Ukumbi wa harusi uliopambwa kwa vitambaa vya zambarau utakurudishia zambarau, na chini ya makuti mwanga mwingi humezwa huko juu. Hapo tafuta ukuta mweupe wa pembeni.

Nguvu ya flashi hupimwa kwa namba ya mwongozo. Igawanye kwa namba ya tundu la lenzi, upate umbali. Flashi yenye namba 32 kwa mita, kwenye ISO 100 na f/8, inamfikia mtu aliye mita 4. Kwenye f/4, mita 8. Lakini soma maandishi madogo ya boksi. Namba 60 inayotangazwa mara nyingi imepimwa mwanga ukiwa umebanwa kwa lenzi ya milimita 200. Ukiutanua uwaenee ndugu wote waliopanga mstari, inashuka sana. Kumbuka pia kwamba umbali ukiwa maradufu, mwanga unaofika ni robo tu.

Utaambiwa ununue flashi inayojipimia yenyewe, ile ya TTL. Inafaa pale watu wanapohamahama. Hata hivyo, bibi harusi akijaza picha kwa shela nyeupe, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na ngozi nyeusi ya uso wake inazama gizani. Anayepanga nguvu kwa mkono hujua kwa nini picha imetoka ilivyotoka. Kwa mwanafunzi mwenye fedha kidogo, ninapendekeza bila kusita flashi ya mkono kama Godox TT600 au Yongnuo YN560 IV. Zote hutumia betri nne za AA na zina redio ndani, kwa hiyo baadaye utaziweka mbali na kamera, na hapo ndipo utamu wa elimu hii ulipo.

Hakikisha kwanza kwamba kamera yako inaelewana nayo. Baadhi ya kamera ndogo za Canon, kama EOS 250D ya 2019, hazina kile kiguso cha katikati panapochomekwa flashi, na flashi za mkono haziwaki juu yake. Flashi kuukuu za mtumba nazo zina hatari: baadhi ya Vivitar 283 za zamani hupeleka zaidi ya volti 200 kwenye kiguso, na zinaweza kuiunguza kamera ya kidijitali. Fundi aipime flashi hiyo kabla hujaichomeka.

Ukibakiwa na fedha, usikimbilie flashi kubwa zaidi. Nunua seti mbili za betri za kuchaji za NiMH, kwa sababu flashi yenye betri zilizochoka hukawia kujaa, na tukio halitakusubiri.